Pichi za Mwezi wa Tatu

Mama hakuwahi kutoa vitu vyote ndani ya valizi lake, sanduku la safari. Tulifika nalo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kutoka Bukavu, na kwa miaka lilikaa chini ya kitanda, limejaa nguo zetu nzuri, tayari kwa siku ya kuondoka. Jumapili alitoa za kanisani, jioni akazikunja na kuzirudisha. Watoto wake tulinukia nafthalini kila ibada.

Baba alikuwa fundi cherehani. Siku moja alikwenda Lilongwe kununua nyuzi, akarudi na mche ndani ya kopo. Ni pichi, alisema, aina mpya ya kupandikiza; muuza miche alimwapia kwamba huiva nyingine zikishakwisha. Mama aliutazama kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

"Muti anapandaka mutu mwenye kubakia," alisema. "Siye tuko njiani."

Kambini wengi waliwaza vivyo hivyo. Walipanda maharage na mchicha, vitu vya kuliwa kabla jina halijaitwa kuhamia ng'ambo. Baba, mkaidi asiyejua kubishana, alichimba shimo kando ya bafu ili maji ya kuogea yaufikie.

Desemba ya mwaka mti wetu ulipozaa mara ya kwanza, soko la Dowa lilifurika pichi, nasi mtini tulikuwa na vijiwe vya kijani vya kuvunja meno. Najua, nilijaribu. Mwezi huohuo jirani zetu wa ukuta mmoja waliitwa, wakaondoka. Mama alilia kutwa. Kisha akauelekea ule mti, akacheka kwa uchungu.

"Ona, hata muti yako njo inangojea, sawa siye."

"Inachelewa tu," Baba alimjibu bila kuacha kushona. "Haiyakatala kuiva."

Mvua zilipopungua, mwezi wa tatu, pichi zetu ziligeuka manjano, zikaota shavu jekundu, na harufu ikaingia mpaka ndani. Harufu ile naitamani hadi leo. Mama alichuma moja akidhani hakuna anayemwona. Maji yalimchuruzika hadi kiwikoni. Aliila yote, akanyonya kokwa, kisha akakaa kwenye jiwe la kufulia muda mrefu.

"Lilongwe hakuna mutu iko nazo saa hii," alisema mwishowe.

Kikapu kingeziponda. Akaingia ndani, akalivuta valizi, akamwaga nguo zote kitandani, akaanza kupanga pichi humo, kila safu akiitandikia kitenge. Nilisimama mlangoni. Sikuwa nimewahi kuona kitambaa cha ndani cha lile valizi. Kilikuwa cha maua ya samawati.

Nilikwenda naye soko la Chinsapo, Lilongwe. Wanawake walituzunguka, wakinusa, wakiuliza pichi zimetoka wapi wakati huu. "Kwangu," Mama alijibu. "Kule Dzaleka." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Kabla ya saa sita tulikuwa tumebaki na harufu tu.

Jioni alilisimamisha valizi ukutani, wazi, likauke. Nguo zilikuwa bado kitandani, na Baba alizisogeza apate pa kukaa. Nilidhani Mama ataanza kuzikunja.

"Unitafutie misumari ya kutundikia, baba ya batoto," alimwambia. "Ile manguo italala kwa kitanda mpaka lini?"

Baba akatoka kwenda kuazima nyundo.