Nilikata Kiti cha Mama Mkwe Wangu

Nimekosa. Wacha niseme mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Na kosa lenyewe si la kudanganywa na mtu. Nililifanya mwenyewe, mchana kweupe, nimevaa miwani ya fundi na kujiona mwanamume kamili!

Ukitaka kucheka, cheka. Lakini nisikilize hadi mwisho.

Mimi ni mtu wa Vihiga, nimepanga nyumba hapa Kitengela na kazi yangu ni ya ofisini. Mke wangu ni Mmaasai wa Kajiado ndani. Baba yake, mzee aliyestaafu kazi ya kuchanja ng'ombe, alikuwa na pikipiki ya zamani iliyolala nyuma ya zizi miaka miwili. Kuku walikuwa wameifanya kitanda. Siku moja tukiwa kwake nikasikia anapanga kuipeleka kwa fundi mjini Kajiado, na mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema, "Baba, niachie mimi. Wiki tatu tu."

Nilikuwa sijawahi kutengeneza hata baiskeli! Nilikuwa nimetazama video kwenye simu, basi. Watu wa Ulaya wanachukua mkweche, dakika kumi baadaye unang'aa.

Mzee aliniomba kitu kimoja, itembee kabla ya mvua. Sababu nilielezwa na mke wangu tukiwa njiani kurudi. Dada mkubwa wa mama yake alikuwa mgonjwa sana. Anakaa mbali, upande wa kuelekea Magadi, ng'ambo ya mto mkavu, njia ambayo hata gari la Probox husalimu amri. Mama mkwe alitaka kumwona dada yake kabla hajafunga macho.

Umesikia? Niliambiwa! Siwezi kusema sikujua.

Nikaanza. Jamani, kazi ya fundi tunaidharau kwa sababu tunaiona kwa mbali! Nati ya kwanza ilikataa kufunguka siku mbili. Ya pili nikailazimisha, ikakatikia ndani. Kabureta niliifungua juu ya gazeti barazani, kispringi kidogo kikaruka kikaingia kwenye sukuma wiki ya jirani. Nilikitafuta kwa magoti Jumapili nzima huku watu wakitoka kanisani wakinisalimia. Tenki nililisafisha kwa kokoto, nikalitikisa mpaka mabega yakafa ganzi, na bado lilitoa maji mekundu kama chai ya hotelini. Nilipiga kiki mpaka goti likavimba. Kimya. Nikibadilisha plagi, kimya. Nikiomba Mungu, kimya!

Wiki tatu zikawa miezi miwili. Mke wangu alikuwa akiniletea chai pale barazani na kuangalia mawingu. Hakugomba. Aliniambia tu, "Baba Ian, mvua iko karibu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama anajua kutengeneza aje ashike spana.

Halafu Jumamosi moja injini ikashika. Nakwambia nililia! Moshi ulijaa ploti nzima, mlinzi akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Hapo ndipo nilipopewa nafasi yangu. Ningeifunga vizuri, nikaipakia kwenye pikapu, nikaipeleka kwa wenyewe kesho yake, leo nisingekuwa na la kuungama.

Lakini nilikuwa nimeingia kwenye kundi la mtandaoni la wapenda pikipiki za zamani. Nilituma picha. Wakaisifu injini, ila mmoja akauliza ile takataka iliyo nyuma ni ya nini. Wengine wakaweka vicheko.

Ile takataka ilikuwa hivi. Mzee alikuwa amerefusha keria kwa vyuma vizito, akachomelea juu yake ubao mpana, egemeo la bomba lililoviringishwa mpira wa tairi, na upande wa kushoto kijibao kirefu kikining'inia chini. Ilikuwa mbaya, siwezi kudanganya. Nikajiambia mzee alikuwa mchanjaji, bila shaka hapo ndipo alipofungia kasha lake la dawa za ng'ombe. Na sasa amestaafu. Kasha la nini?

Mke wangu aliniona nikiipima kwa macho. Akaniambia, "Usitoe kitu huko nyuma kama hujaongea na baba. Hiyo alichomelea yeye mwenyewe." Ni ya nini, hata yeye hakujua, kwa sababu wakati mzee anaichomelea sisi tulikuwa huku Kitengela na mtoto mchanga.

Simu ilikuwa mfukoni! Dakika moja ingetosha. Lakini nilishajigamba mbele ya mzee kwamba naijua kazi. Kumpigia simu kumuuliza chuma hiki ni cha nini niliona ni kujivua nguo. Na mama mkwe ndiye kabisa. Kwetu mtu hamzoei mama mkwe, hamsalimii kwa mkono, na kwao ni vivyo hivyo. Nikifika pale yeye yuko jikoni tayari ameketi, salamu zinapitia kwa mke wangu, na nikiondoka namwacha ameketi. Miaka minne ya ndoa sijawahi kumwona akipiga hatua kumi. Nilisikia tu kwamba mguu unamsumbua. Nani mzee asiyesumbuliwa na mguu?

Basi Jumamosi iliyofuata mke wangu alipokwenda kwenye chama chao cha akina mama, nikakodi mashine ya kukatia chuma. Cheche ziliruka, majirani wakasimama kutazama, nami nikajikaza uso kama mtaalamu. Nilikata keria. Nilikata ubao na egemeo. Nikaona bado nyuma pamekaa parefu, nikaingia kwenye fremu yenyewe nikaikata fupi kama kwenye zile video. Vipande nikampa bure mtu wa kununua vyuma vikuukuu aliyekuwa akipita na mkokoteni.

Bure! Alinishukuru mara tatu.

Nikatia kiti kimoja kifupi cha ngozi ya kahawia, nikapaka tenki rangi ya kijani kibichi iliyokolea, nikatuma picha. Zile sifa za kundini zilinilevya. Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Aliniuliza kama nimeongea na baba. Nikamwambia ndiyo.

Hilo ndilo la pili la kuungama. Nilidanganya.

Niliiendesha mwenyewe hadi Kajiado, mke wangu na mtoto wakinifuata kwa gari la abiria. Upepo wa Isinya ulinisukuma huku na huku, lakini kifua kilikuwa mbele. Nilipoingia bomani mzee alitoka na fimbo yake. Tukasalimiana, "Sopa," "Ipa." Akaizunguka pikipiki mara moja, polepole. Alipofika nyuma aliweka kiganja pale palipokatwa, akakiacha hapo.

"Na huku nyuma?" akauliza.

Nikamjibu kwa furaha kabisa, "Nilipunguza uzito, baba. Sasa inakimbia."

Akasema, "Ashe oleng, asante sana. Imekuwa mzuri."

Nilidhani nimesifiwa! Nikaanza kumweleza habari za kabureta.

Wakati huo mama mkwe akatoka. Alikuwa amevaa shuka mpya na shanga zake zote, mkononi ana kikapu cha sukari, majani ya chai na tumbaku ya dada yake. Alikuwa amejitayarisha kwa safari! Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, nikamwona akitembea. Alishika ukuta. Mguu mmoja haukunjiki wala hautanuki, anauburuta kutoka kwenye nyonga kama kitu cha mtu mwingine. Akaitazama pikipiki. Akageuka, akarudi ndani kwa ukuta uleule.

Chai ikaletwa.

Mke wangu ndiye aliyeniita kando ya zizi akanieleza. Miaka mitatu iliyopita ng'ombe alimwangusha mama yake, nyonga ikavunjika na haikuunga sawa. Hawezi kupanda boda, kwa sababu hawezi kutanua miguu. Mzee alikaa wiki nzima akipima na kuchomelea ili mama akae ubavu, mgongo ukiwa kwenye egemeo na mguu mbovu ukiwa umelala juu ya kile kijibao. Alimbeba hivyo mwaka mzima, kanisani, hospitali, kwa ndugu, mpaka injini ikafa. Ya nyonga aliyajua siku nyingi, lakini haya ya kiti alikuwa ameambiwa na mama yake dakika ile jikoni. Akaniuliza, "Uliniambia uliongea na baba. Mliongea nini?"



Kesho yake nilianza kukimbia. Yule mtu wa mkokoteni nilimpata baada ya siku nne, akaniambia vyuma vilishakwenda kuyeyushwa. Nikaipeleka pikipiki kwa fundi wa kuchomelea, mtu mzima, kando ya barabara ya Namanga. Aliinama akaangalia nilipokata, akatikisa kichwa. "Hapa umekata ndiyo springi zinashika. Nikichomelea hivi hivi itakatika na mtu akiwa juu. Mimi sifanyi." Nilimsihi. Nilimkasirikia. Nikaenda kwa fundi mwingine akakubali, akachomelea, nikaipakia gunia la mahindi kujaribu. Halikufika hata mwisho wa mtaa. Kwenye tuta la kwanza chuma kilipasuka, mahindi yakamwagika barabarani, mbuzi wa watu wakafaidi.

Siku hiyo nilipiga teke ile pikipiki mpaka nikavunja kucha. Nilikuwa nimekasirika na kila mtu, kumbe mtu mwenyewe ni mmoja!

Tukajaribu boda hata hivyo. Mama mkwe alishikwa na watu wawili kupandishwa, akapiga yowe moja, wakamshusha. Tukasema abebwe kwa gari hadi mtoni, halafu vijana wambebe kwa kiti. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ikanyesha, na mto mkavu ukaacha kuwa mkavu.

Alhamisi moja saa nne asubuhi, nikiwa ofisini, mke wangu akanipigia. Dada yake mama amefariki. Walimzika kesho yake hukohuko, maji yakiwa bado yamejaa.

Nilikwenda kwa mzee kuomba msamaha. Nilijipanga kutukanwa, nilikuwa hata nataka kutukanwa! Alinisikiliza hadi mwisho, fimbo iko katikati ya magoti. Akasema, "Wewe ni mkwe. Mkwe hagombezwi. Kunywa chai." Mpaka leo sijawahi kunywa kitu kigumu kumeza kama chai ile. Angenichapa fimbo ningelala usingizi.

Baadaye nilipata fremu ya pikipiki nyingine ya aina ileile. Yule fundi wa barabara ya Namanga akaifanya kazi upya, mzee mwenyewe akimwelekeza kwa simu, kipimo kwa kipimo. Egemeo, ubao, kijibao cha mguu, vyote. Safari hii sikushika hata spana. Tukaipeleka. Nikasimama mbali kama inavyopasa, mke wangu akamwita mama yake aje ajaribu.

Mama mkwe hakutoka. Jibu lake lilikuja kupitia kwa mke wangu, na mke wangu alinipa kama lilivyo: "Mwambie asante. Lakini mimi nilikuwa na safari moja."

Pikipiki iko pale bomani hadi leo. Inawaka kwa kiki ya kwanza!

Sasa wewe unayenisoma, na hasa wewe kijana uliyenunua spana juzi na kuona video tatu. Jifunze, sikukatazi. Lakini jifunzie chako. Cha mtu ukikabidhiwa, kirudishe kikitembea, halafu uondoe mikono. Ukiona chuma usichokielewa, usikikate kwa sababu watu wa mtandaoni wamecheka. Na kama anayejua kazi ya chuma hicho ni mkwe wako unayemwonea haya, mtume mkeo, mtume mtoto, andika barua! Heshima haikukataza kuuliza. Mimi nilijificha nyuma ya heshima, kumbe ilikuwa kiburi.

Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu darasa la kwanza. Mimi sikuuliza, na mama mkwe wangu hakumzika dada yake.