Mama Serikali na Mteja Wake

Inspekta Enelesi Kachimanga, mwendesha mashtaka wa polisi, aliingia chuo kikuu akiwa tayari na wajukuu. Vijana wa darasa lake pale Zomba, Malawi, walimwita Mama Serikali, naye akaitika. Aliketi mstari wa mbele, sare imenyooka kwa pasi, na mwalimu akichelewa, yeye ndiye aliyewanyamazisha wenzake kama washitakiwa wa Jumatatu asubuhi.

Kusoma hakukuwa hiari. Wakubwa wa polisi walikuwa wametangaza kwamba mwendesha mashtaka asiye na shahada atarudishwa kwenye vizuizi vya barabarani, akakague leseni juani. Na Enelesi aliipenda mahakama kuliko nsima, ugali wa kwao, na dagaa wa usipa wa kukaanga, jambo ambalo kwa umbo lake si dogo. Kwa hiyo alijifunga kibwebwe. Akafaulu sheria ya mikataba, akafaulu ya ardhi, ukabaki mtihani wa mwisho: kesi ya kuigiza. Wakapiga kura, ikamwangukia kazi ya wakili wa utetezi.

"Mama, leo unatetea wezi?" alimtania Limbani, kijana aliyeigiza mshitakiwa wa wizi wa mbuzi.

"Kaa kimya, mwanangu. Wewe hukuiba. Nimelikubali hilo kwa shida sana, usinichanganye."

Dokta Mkwezalamba, mwalimu wao, akakalia kiti cha hakimu na kuuliza habari ya dhamana. Enelesi akasimama, kifua mbele. Mdomo ukatangulia, kichwa kikabaki nyuma.

"Mheshimiwa, Serikali inapinga dhamana! Mshitakiwa atatoroka, na upelelezi bado unaendelea."

Darasa zima likaangua kicheko. Limbani akajishika kichwa. "Mama! Mimi mteja wako!"

Jasho likamtoka Enelesi. Alijiona yuko kwenye kizuizi cha barabarani tayari, anasimamisha malori.

"Tumekusikia, wakili," Dokta akasema, akijikaza asicheke. "Sasa mjibu huyo aliyempinga mteja wako. Alama zako zote ziko hapo."

Enelesi akaligeukia darasa. "Nani kasema atatoroka?"

"Wewe!" darasa likaitikia.

"Basi alete ushahidi." Wakacheka tena. "Hana, mheshimiwa. Namjua sana mama huyo. Anasema upelelezi unaendelea, hakimu anaandika, kijana wa watu anarudi rumande, yeye anakwenda zake kula." Akaitazama sare yake. "Wakati mwingine hata jalada hajalifungua."

Safari hii hakucheka mtu.

Dhamana ikatolewa. Dokta akatangaza kuwa Mama amefaulu, tena vizuri. Enelesi akaketi, akajifunika uso kwa kofia yake, akalia. Wenzake wakadhani ni furaha, wakagonga meza.

"Shahada hiyo, Mama Serikali! Unalia nini?"

"Nyamazeni," akasema ndani ya kofia. "Kuna kijana mmoja ninayemrudisha rumande tangu masika. Jumatatu ataletwa tena. Nitamtazamaje?"