Rada Moja na Ng'ombe Kumi na Wanne

Msimamizi wangu wa chuo alinirudishia kazi ya uzamili mara ya pili, akasema ya tatu ikigoma, basi, nirudi kwenye chaki zangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Manchira, na nilijitwika somo ambalo hata ofisini walinicheka: rada ni moja, satelaiti na vyuma chakavu vinavyozunguka angani ni mamia, sasa rada itazame kipi na kwa muda gani? Vyote kwa mpigo haiwezi. Programu niliyoandika ya kuipangia rada zamu za kutazama ilikuwa inapoteza vitu na sikujua kwa nini. Niliifokea kompyuta kama mwanafunzi mtoro.

Jumamosi moja mama mwenye nyumba wangu alikwenda kliniki Mugumu, akaniachia ng'ombe wake kumi na wanne karibu na bwawa. "Mwalimu, ni kutazama tu," alisema. Kutazama! Mimi niliyesomea kutazama!

Kulikuwa na dume mweupe mwenye tabia mbovu, kila saa ananyemelea mahindi ya jirani. Sikubandua macho kwake. Mama aliporudi saa nane nilimpa shikamoo huku nimevimba kichwa, hakuna jani lililoguswa. Hata marahaba hakusema. Alipitisha macho mara moja tu, akauliza, "Mtamba wangu mwenye mimba yuko wapi?"

Tulimkuta vichakani analamba ndama aliyezaliwa muda huohuo. Bahati yangu fisi hawakuwahi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo dume si unajua anakwenda kwenye mahindi? Sasa unamkodolea ya nini? Mimi namtafuta yule ambaye sijui kafika wapi."

Jamani! Programu yangu ilikuwa inafanya upuuzi uleule: inakodolea kile kinachosumbua, ambacho njia yake inajulikana, na vilivyokaa siku nyingi bila kuonekana vinapotea. Jioni ile nilibadilisha mistari michache tu. Vitu vikaacha kupotea, na furaha niliyokuwa nayo, sijui niieleze vipi.

Msimamizi aliipitisha kazi, ila akataka kujua wazo nimelitoa wapi, maana lazima chanzo kiandikwe. Nikaenda kumwomba mama ruhusa.

"Andika," alisema, huku anakamua yule mtamba. "Lakini usinipambe. Andika kwamba ulinipotezea ng'ombe."

Imo humo, ukurasa wa shukrani, sentensi ya kwanza.