Tulipokwenda Ureno Kula Cha Wenyeji

Mume wangu hasafiri bila utafiti. Kabla hatujaondoka Maskati alikesha akitazama video za wapishi wa Kireno, mpaka nyumbani kwetu mtaa wa Azaiba ikawa mtu hamimini mafuta ya zeituni bila kurekebishwa. Safari hii, alitangaza, haitakuwa ya kitalii. Watalii ni wale wengine, wanaoteremka mabasini na kofia zao. Sisi tungekula wanachokula wenyeji.

"Na hakuna kubeba chakula," akasema, macho kwa mama yangu.

Mama alikuwa amekuja kutoka kwake mtaa wa Darsait na sanduku lake limeshafungwa. Akaitikia kwa upole, na upole wa mama yangu si kitu cha kuamini. "Chakula cha nini tena, baba? Mie nnakwenda kula cha watu."

Uwanja wa ndege wa Lisbon, ofisa wa forodha alifungua lile sanduku akatoa achari ya ndimu, bizari, pilipili ya kukaanga na tende zilizoviringishwa ndani ya kanga. Mume wangu, uso umemwiva, akasema ni dawa. Ofisa akafungua chupa ya achari, akanusa, akaifunga upesi. Aliamini.

Asubuhi yake tulipanda kilima kwenda kuona ngome. Mume wangu alitueleza kuta, mizinga na karne zake, sisi tukihema. Mama akatafuta kivuli, akaketi, akaitazama ngome kama mtu anayetazama jirani.

"Si kama zile za kwetu, pale Matrah?"

"Ndiyo, mama. Wareno hao hao ndio waliozijenga."

"Sasa tumepanda ndege kuja kuona nini, na wao walishatuletea mpaka mlangoni?"

Mume wangu akaamua kwamba sote tuna njaa.

Mkahawa aliuchagua kwa kigezo chake cha kitaalamu: hauna picha za chakula wala mgeni ndani. Mhudumu alituonyesha mahali pa kukaa, akatamka neno, na mama akanishika mkono. "Umemsikia? Kasema meza!" Tokea hapo akawa anazungumza naye Kiswahili, polepole na kwa sauti kubwa, naye anamjibu Kireno vivyo hivyo. Walielewana kuliko mume wangu na karatasi ya vyakula, ambayo aliisoma kwa makini, akaikunja, akagusa mstari mmoja kwa kidole.

"Kitu cha msimu huu," akatuarifu. "Wageni hawakijui."

Likaja bakuli la konokono. Wadogo, wengi, wanaelea kwenye mchuzi wa kitunguu thomu.

Mama akainama. "Baba, hawa wana pembe."

"Ndicho wanachokula wenyeji, mama."

"Haya, bismillah. Tukuone."

Mume wangu akachukua kijiti. Akatueleza habari za kitunguu thomu. Akatueleza majani yaliyotiwa mchuzini. Akampiga picha konokono mmoja, akaituma kwa ndugu zake, na walipouliza ladha yake akawaandikia, "Laini." Kisha akasema hana njaa sana, na tumbo lake likamkanusha kwa mngurumo uliosikika mpaka meza ya jirani.

Mama akaomba mkate, akatoa ile achari mkobani. Mhudumu akasita, akaomba kuonja. Alionja, machozi yakamtoka, akaingia jikoni na kipande cha mkate mkononi. Mume wangu alikuwa anatazama barabarani kama mtu asiyetujua.

Aliyetoka jikoni alikuwa mpishi mwenyewe, mwanamke wa makamo, kilemba kichwani, anafuta mikono.

"Achari!" akasema. "Nani kaja na achari?"

Alikuwa mtu wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, na Kiswahili chake, ingawa kilikuwa na mapindo tusiyoyazoea, kilikuwa Kiswahili. Akamwamkia mama, akatuuliza tulikotoka, kisha akaliona lile bakuli.

"Na hawa nani kawaagiza?"

Mama akamgeukia mume wangu. Alimwonyesha kwa kidevu.

Tukahamishiwa jikoni, kwenye meza ya wafanyakazi, tukapakuliwa walichojipikia wao: wali na samaki wa nazi. Mume wangu akanong'ona kwamba hiki si chakula cha hapa.

"Kapika hapa, anakula hapa," mama akamwambia. "Unataka mwenyeji gani mwengine?"

Mume wangu akala mpaka akakwangua sufuria.

Siku zilizobaki, majumba ya wafalme tuliyaona mimi na mume wangu. Mama tulimwacha kule jikoni kila asubuhi, tukampitia alasiri. Huko ndiko alikoonyeshwa fahari ya taifa la Ureno, samaki mkavu wa chumvi. "Ng'onda!" akapiga kelele. "Nimemkimbia Unguja utotoni, leo namkuta huku kawekewa majani juu kama bi harusi."

Alasiri ya mwisho nilifika mapema, na mfuko wa vikorokoro vya watalii mkononi. Walikuwa wanamenya viazi, wamenipa mgongo.

"Kwenu Unguja ulisharudi?" mpishi alimuuliza.

"Nilirudi mara moja," mama akasema. "Nyumba ipo, mlango ule ule. Nikagonga, akafungua mtu, akaniuliza nnamtaka nani. Nikasema nimekosea nyumba."

Hilo hakuwahi kutusimulia. Nilibaki mlangoni mpaka walipoanza kucheka jambo jingine, ndipo nikaingia.

Ijumaa tuliyorudi Maskati, ukoo mzima ulikusanyika Darsait kwa chakula cha mchana, na mume wangu akawahutubia juu ya mapishi ya Kireno, kwa kirefu. Mama hakuwa anasikiliza. Alikuwa jikoni, simu kaiegemeza kwenye kopo la chumvi, anamuuliza yule mpishi wa Lisbon kwa nini tui linamkatikia sufuriani.