Hapewi Mtu Panya Hivi Hivi

Enzi zetu panya hakuwa na jina. Alikuwa panya, basi, na akionekana nyumbani kwetu Mpwapwa kila mwenye mkono alishika kitu: mama mwiko, kaka ndala, mimi ufagio wa chelewa, na bibi, ambaye magoti yalishamgomea kitambo, alitoa maelekezo kutoka kitandani. Yuko nyuma ya debe, mzibeni huko, mnaangalia nini. Hatukuwahi kumuuliza panya anajisikiaje. Tulikuwa hatujastaarabika.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Nyinyi mliocheza rede mpaka giza likaingia, mkala ugali wa mtama kwa mlenda mkalamba na vidole, mkaenda shule na kidumu cha maji mkononi na kuni kichwani kwa ajili ya jiko la mwalimu, nyinyi ndio nataka mkae niwaambie dunia ilivyoendelea. Binti yangu Rehema, niliyemzaa hapa hapa Maryland, Marekani, nikamlea kwa mshahara wa kuogesha wazee wa watu, nikamsomesha mpaka chuo kikuu, anafuga panya. Wala si kwa bahati mbaya. Anawafuga kwa makusudi, kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu ya Riverdale Park, mahali ambapo mimi nilipanga kuweka friza la samaki.

Panya hao wana vibembea vya kitambaa vya kulalia. Maranda ya msonobari hawatandikiwi, eti harufu yake inawaumiza kifua, kwa hiyo wananunuliwa karatasi laini maalumu. Mimi nimelalia gunia lenye kunguni mpaka darasa la tatu, na kifua changu hakuna aliyekiulizia. Wana daktari wao, mbali huko Manassas, kwa sababu madaktari wa karibu wamezoea mbwa na paka tu. Goti langu linauma tangu baridi ianze na sijapelekwa Manassas.

Wakizaliwa watoto, Rehema huwashika kila siku mmoja mmoja, anawasemesha taratibu ili wawazoee binadamu. Hakuna anayeondoka kwa mama yake kabla hajaweza kujitegemea. Madume wanatengwa na majike mapema, wasije wakapeana mimba ndugu kwa ndugu. Halafu ndipo inapoanza kazi yenyewe, kuwatafutia kwa kwenda, na hapo mwenzangu utashika kichwa, maana anayetaka panya anasailiwa. Mimi nimeolewa kwa maswali machache kuliko hayo. Una paka? Nani atawalisha ukisafiri? Nyavu za kizimba chako zina matundu makubwa kiasi gani, mtoto hapenyi? Mwenye nyumba anaruhusu wanyama? Unajua kwamba hawaishi miaka mingi, na wewe ndiye utakayewazika? Anayemtaka mmoja tu anaambiwa hapana, panya hatolewi peke yake, anatoka na mwenzake, kwa sababu akiwa peke yake anasononeka. Na anayetafuta chakula cha nyoka huyo anaonyeshwa mlango. Nimeshuhudia watu wazima, wasomi, wakitoka sebuleni kwangu mikono mitupu, nami nikiwasindikiza mpaka kwenye gari kwa aibu, nikiwapa pole kama waliofiwa.

Basi mimi, kwa akili zangu za Mpwapwa, nikaahidi panya.

Nilimwahidi Mama Neema. Huyu ni rafiki yangu, Mkongo wa Uvira, anakaa ghorofani kule Takoma Park, tulijuana kazini tukipokezana zamu, na hajawahi kuninyima kitu. Aliposema binti yake Neema analilia kapanya ka kufuga, nikamwambia hilo limekwisha, aje Jumamosi achukue. Ndivyo tulivyolelewa. Rafiki akiomba unampa, humuulizi matundu ya nyavu. Nilipomweleza Rehema hakupandisha hata sauti. Alisema, kwa Kiingereza chake cha upole, kwamba Anti anakaribishwa sana kwenye usaili. Nikamwambia mwanangu, yule ni mama yako mdogo, utamsaili vipi mama yako? Akasema hata bibi angekuwa hai angesailiwa.

Jumamosi hiyo nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilikuwa nimepika chai ya maziwa yenye iliki na maandazi kama ya posa, nikijua kwamba leo napoteza rafiki. Mama Neema akaja amevaa kitenge chake cha kanisani. Akakaa, akaweka mikono mapajani, na binti yangu, niliyemfunga nepi mwenyewe, akaanza kumhoji. Mama Neema akajibu yote bila kukunja uso. Paka hana. Mwenye nyumba ameruhusu. Atachukua wawili, majike, kama ndiyo sheria. Halafu akauliza lake.

"Na kama bananishinda, Rehema? Njo nifanye nini?"

Rehema akamjibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanya tu akiona kitu ni kizito.

"Unanipigia simu, Anti. Nakuja kuwachukua. Hata mwaka ukipita. Sitauliza kosa la nani."

Nikainuka nikaenda jikoni kuangalia chai, ambayo ilikuwa mezani tayari.

Ni kwamba nilikumbuka nilivyotolewa mimi. Nilikuwa darasa la tatu. Shangazi yangu wa Morogoro, dada yake baba, hakujaliwa mtoto, na alipokuja kututembelea alinitazama nikichambua mboga akasema, huyu nipeni mimi. Baba akasema mchukue. Usaili ukaishia hapo. Mama alinifungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa, akanivalisha gauni la Krismasi ingawa Krismasi ilikuwa mbali, tukaenda kupanda treni stesheni ya Gulwe. Mdogo wangu Tatu, tuliyelala kitanda kimoja tangu atoke mgongoni kwa mama, wakubwa waliamua asiamshwe ili tusilie. Na kweli hatukulia, maana hatukupata nafasi.

Shangazi hakuwa mtu mbaya, niliseme hilo mapema kabla hamjaanza kumchukia. Alinilisha, alinisomesha, alinisuka kila Jumapili. Ila nilikojoa kitandani kule kwake wakati kwetu nilishaacha, na nilikuwa nazungumza na ukuta usiku nikijifanya ni Tatu. Nikiuliza nitarudi lini nyumbani alinijibu neno moja, utazoea. Mnaikumbuka dawa hiyo? Enzi zetu ilitibu kila kitu. Viatu vinabana, utazoea. Jino linauma, utazoea. Mwalimu anachapa mno, utazoea. Tulikuwa kizazi cha watu waliozoea, ndiyo maana leo tuna presha.

Mama alikuja Morogoro mara moja, akanikuta nimekonda. Nilifunga vitu vyangu bila kuambiwa, nikakaa navyo mlangoni. Wakaongea jikoni kwa sauti ya chini, yeye na shangazi, na mama akaondoka bila mimi. Miaka mingi baadaye, mimi mtu mzima, shangazi aliniambia kwamba siku ile alitamani kunirudisha. Lakini angenirudishaje? Kumrudisha mtoto wa kaka yako ni kumtukana kaka yako. Na mama angenidai vipi? Kumdai mtoto uliyekwishampa wifi yako ni kumwambia hajui kulea. Wote wawili walikuwa na adabu sana. Adabu yao niliilipia mimi.

Mambo hayo sikuyasema siku hiyo. Nilirudi sebuleni na birika lingine, Mama Neema akaondoka na panya wake wawili na baraka zote, na urafiki wetu ukabaki salama. Nikajisifu sana, kana kwamba usaili nilikuwa nimefaulu mimi.

Mwezi haukuisha, simu ikalia. Mama Neema alikuwa ananong'ona. Neema amevimba macho, anakohoa, na daktari amesema ni hao panya, damu yake haipatani nao. Lakini tafadhali nisimwambie Rehema. Amepewa kwa heshima namna ile, baada ya maswali yote yale, kwa uso gani atawarudisha? Ameshapata pa kuwapeleka. Kuna mwenzake kazini anafuga wanyama, amekubali kuwachukua wote wawili kesho asubuhi. Nikamuuliza huyo mwenzake anafuga wanyama gani. Akaniuliza kwanza goti langu linaendeleaje. Kisha akasema nyoka, ila ameambiwa nyoka mwenyewe ni mzee na hana njaa sana.

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo sikucheka, kwa sababu aibu ile niliijua. Ndivyo shangazi angenong'ona, angekuwa na wa kumpigia. Na hao panya nilikuwa nimewashika mwenyewe, msiniulize kwa nini, Rehema alikuwa na shughuli na mtu lazima awasemeshe.

Nikamwambia Mama Neema anisamehe, siwezi kunyamaza na hili. Nikamwita Rehema. Akasikiliza, akachukua kizimba kidogo cha safari na funguo za gari. Mimi nikavaa koti juu ya kanga, nikaingia garini bila kuitwa.

Mama Neema alifungua mlango akiwa na maneno yake yamepangwa, ilionekana ameyarudia mara nyingi. Rehema akampa shikamoo, akamkumbatia kabla hajafungua mdomo, akamuuliza hali ya mtoto. Neema akatoka chumbani macho yamevimba kama andazi, akawabeba panya wake kwenye taulo, akiwa analia kwa kwikwi. Rehema akachuchumaa akamwambia amewatunza vizuri sana, wamenenepa, na siku za jua aje awatazame kwetu uani, hewa ikiwa nyingi hataumwa. Mama Neema alijaribu tena kuomba msamaha.

"Anti," Rehema akasema, "hii ndiyo kazi yangu."

Ikawa basi. Hakuna aliyetukanwa, hakuna ukoo uliovunjika. Mama Neema akatufungia sambaza, dagaa wa kwao, kwenye mfuko, maana hakukubali tuondoke mikono mitupu, naye ana mila zake. Tukarudi kwa barabara ya East-West kama kawaida, foleni tupu.

Kizimba nilikipakata mimi. Panya walikuwa wamelaliana pembeni, mmoja ameweka kidevu juu ya shingo ya mwenzake, wanatetemeka kwa ugeni wa gari. Nikaingiza kidole kwenye tundu wakakinusa, kisha wakatulia. Rehema anakijua kisa changu cha Morogoro, ila huwa nakisimulia kwa kuchekesha, naigiza shangazi na sauti yake ya puani, watu wanacheka. Safari hii sijui maneno yalitoka wapi. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu.

"Mimi hakuna aliyekuja," nikasema.

Hakuniuliza wapi wala lini. Mikono kwenye usukani, alitafuta Kiswahili.

"Ungenipigia, mama. Ningekuja."

Majibu nilikuwa nayo. Ningeweza kumwambia kwamba enzi hizo simu ya karibu ilikuwa posta, tena mbovu, na kwamba hata huyo baba yake nilikuwa sijamtia machoni. Ningemwambia kwamba sisi tulipendwa, na nitabishana na yeyote atakayesema vinginevyo. Tulipendwa na ukoo mzima, tukagawanywa kwa upendo huo huo kama nyama ya sikukuu, na kila nyumba ilikuwa yetu isipokuwa ile tuliyoililia. Watoto wa siku hizi hawajui kumtii mkubwa, wanamhoji mgeni mpaka chai inapoa, wanampeleka panya hospitali. Halafu ukiwapigia wanakuja.

Nikajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Haya," nikamwambia. "Nitapiga."