Unga wa Ng'ombe Watatu

Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni.

Nina uhakika na saa kwa sababu niliitazama kwenye simu ya Bibi. Ndipo nilipomwambia. Mtu mwingine wa kumwambia sikuwa naye, na mimi si mtu wa kusema mbele za watu.

Jambo lenyewe ni hili. Dada Rehema, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga, kwao Kondoa, amepanga chumba hapa kijijini kwetu, Mpwapwa, anafanya utafiti kwa ng'ombe wetu sita. Watatu wamevalishwa hereni za njano, watatu za bluu. Wa njano wanachanganyiwa unga wa mwani kwenye pumba, ili wakibeua watoe kidogo ile gesi ya methani inayoongeza joto la dunia. Wa bluu wanakula pumba tupu. Kila Jumamosi anawaelekezea puani kifaa kama tochi, anapima. Majirani walivyocheka! "Binti, ukimaliza mbweu za ng'ombe, njoo umpime na mume wangu." Naye anacheka nao, huku anaandika.

Kazi ya kuchanganya nilipewa mimi. Wiki ya kwanza nilifuata maagizo. Wiki ya pili wale wa bluu wakawa wananyoosha shingo na kulia, na mimi nimelelewa kwamba anayekula huku mwenzake anamtazama ni mchoyo. Nikaugawa unga wa watatu kwa wote sita. Kwenye fomu nikaendelea kuweka alama za vema, kama vile nimefanya nilivyoagizwa. Leo Dada Rehema kapima mara ya mwisho, akakaa juu ya ndoo, akasema polepole, "Ile tofauti ya wiki ya kwanza imepotea. Wote sawa. Unga haufanyi kazi. Kesho narudi chuo, nitaandika hivyo hivyo." Macho yake yalikuwa mekundu.

Nashukuru Bibi hakunigombeza. Aliendelea kupepeta uwele, kisha akasema haya, nami nayaandika kabla sijayasahau.

"Kaa chini, mke mwenzangu." Ananiita hivyo kwa utani. "Iko siku moja siisahau, nilikuwa na umri kama wako. Baba yangu alikuwa amewekewa ng'ombe na mzee mmoja wa ng'ambo ya korongo. Ndiyo desturi yetu Wagogo: ng'ombe wangu analala zizini kwako, maziwa unakunywa wewe, ndama ni wangu. Akifa, unaniletea ngozi niione. Maandishi hayakuwepo, mwanangu. Ilikuwepo ngozi, na mdomo wako.

"Basi mimi nikaenda kuchunga. Nikasikia ngoma, nikaifuata, we acha tu, enzi hizo miguu ilikuwa haitulii. Niliporudi, ndama wa yule mzee katumbukia korongoni, shingo imevunjika. Nikamfukia kwa mawe, nikasema kabebwa na fisi. Fisi haachi ngozi, unaona? Nikajiona nina akili. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku tatu, na miiba juu.

"Maana yule mzee alikuja, na wala hakugomba. Alisema, 'Kama fisi wamefika malishoni, zizini nako watakuja, tuwazuie,' akashika shoka. Siku tatu anakata miiba kuzidisha ua wa zizi letu, mzee mzima, mikono inavuja damu, na anayempelekea maji ni mimi. Siku ya tatu alipokea kibuyu akaniambia, 'Asante, mwanangu.' Asante hiyo ikanishinda kuimeza. Nikasema yote.

"Akaweka shoka chini. Akanitazama weee, halafu akasema, 'Ndama kafa, basi, ndama hufa. Ila mbona umenipiganisha na fisi asiyekuwepo?' Hilo tu. Kisha akamgeukia baba: 'Ng'ombe wabaki hapa. Mtoto huyu sasa anajua kusema.' Mwaka ule mvua iligoma, mwanangu. Angewaondoa wale ng'ombe, sijui tungekunywa nini. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea."

Bibi akapuliza makapi, mengine yakanirukia usoni.

"Sasa wewe uliwahurumia ng'ombe. Huruma si dhambi. Lakini binti wa watu anakwenda kuandika kwamba unga haufai, na wenye mifugo watamwamini, wautupe. Huyo ndiye fisi wako. Nasaha yangu ni hii: cha mtu ulichokabidhiwa, kikikuharibikia mkononi, mwambie mwenyewe kabla hajashika shoka. Usingoje kwanza upate ujasiri, hauji huo, mimi niliungoja siku tatu. Sema huku unatetemeka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mungu akupe ulimi usiomwacha mtu ahangaike bure, na akujalie watu kama yule mzee, wa kukupokea ukishasema. Haya, nenda kafunge ndama."

Jumapili.

Kabla ya kengele ya kwanza ya kanisani nilikuwa mlangoni kwa Dada Rehema. Begi lake lilikuwa limeshafungwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Nilisema nikitazama ndala zake. Nikasema wa bluu walikula, na alama za vema nilizoweka ni za uongo. Nikasikia zipu ya begi ikifunguka. Akatoa daftari, akafunua ukurasa wa wiki ya kwanza, akauwekea kidole.

"Umeniumiza, mdogo wangu," alisema. "Lakini umenizuia nisiandike uongo nikidhani ni kweli. Asante." Akasogea kizingitini, akanipa nafasi. "Siku kwa siku, basi. Nani alikula nini?"

Nikakaa. Nikaanza na Jumatatu ya wiki ya pili.