Mayai Saba Chini ya Koti

Jamani, kama kuna mtu anadhani ameshawahi kuaibika mbele ya kanisa, akae kwanza anisikilize mimi. Nakiri nilijitakia. Na msicheke kabla sijamaliza (najua mtacheka tu, hata mchungaji alicheka, na yule baba hacheki hovyo).

Mimi ni mfugaji wa kuku wa kienyeji hapa nje kidogo ya Bariadi, na anayenijua anaujua mdomo wangu. Siku zote nilikuwa nahubiri ufugaji wa asili: kuku aatamie mwenyewe, vifaranga wale mchwa wa kwenye chungu (unajaza mabua na kinyesi cha ng'ombe, unakifunika kifudifudi penye mchwa jioni, asubuhi unawafungulia karamu), wakiugua unawapa maji ya shubiri, basi. Jirani yangu Jilala aliponunua mashine ya kutotolesha, nilimcheka mbele ya watu, nikasema vifaranga wa umeme hawana adabu kwa sababu hawamjui mama. Watu walicheka sana siku hiyo, na mimi nikarudi nyumbani kifua mbele.

Sasa, mke wangu Mama Minza alikuwa na bata jike mmoja. Bata yule alitoka Nassa kwa marehemu mama yake, ambaye alipozidiwa na ugonjwa alimwita binti yake akamwambia, chukua huyu, yeye na uzao wake ni wako. Kwa hiyo bata yule nyumbani kwangu aliheshimiwa kuliko mimi, nasema kweli, hata ugali alionjeshwa kabla yangu.

Mdogo wake Mama Minza alijifungua huko Mwanhuzi, ikabidi aende kumlea mzazi karibu mwezi mzima. Wakati huo bata alikuwa ametaga mayai saba na hana habari ya kuatamia (mvivu yule, Mungu amrehemu), lakini kuku wetu mmoja mwekundu alikuwa ameshaanza kulalia. Mama Minza akiwa na begi mkononi akanigeukia.

"Baba Minza, ya bata yatangulie leo. Wiki ikiisha ndiyo unaongeza ya kuku, ili waanguliwe pamoja. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Mama Minza, mimi ni mtoto?"

Akanitazama, akaondoka. Na mimi, kabla vumbi la gari halijatulia, nikaweka yote siku hiyo hiyo, saba ya bata na matano ya kuku, nikijiambia yai ni yai na joto ni joto, nani ana nafasi ya kuhesabu wiki?

Siku ya nne kicheche akaingia bandani akamuua bata. Nilimpigia simu Mama Minza nikamwambia, maana jambo kama lile halifichiki. Akauliza, "Mayai yapo?" Nikasema yapo. Akasema, "Basi hayo ndiyo yaliyobaki ya mama yangu. Usiniangushe."

Siku ya ishirini na moja vifaranga watano wa kuku wakatoka, wazuri, wa manjano, nikafurahi kama mjinga. Kesho yake yule kuku akasimama, akajikung'uta, akawachukua watoto wake watano na kwenda zake kuchakura. Ya bata hata hakugeuka kuyatazama. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba bata anataka wiki nne, na ndipo nikaelewa kwa nini mwenzangu alisema nirudie! Nikamkamata kuku nikamrudisha, akanidonoa. Nikamwomba kwa Kisukuma, nikamwomba kwa Kiswahili, akanidonoa tena.

Mnaniuliza kwa nini sikwenda kwa Jilala mwenye mashine. Nilikwenda. Miguu ilifika mpaka kwenye uzio wake, nikamsikia anapiga mluzi huko ndani, nikakumbuka nilivyomcheka, nikageuza. Kiburi kibaya sana, ndugu zangu.

Nikachukua kanga ya mke wangu, nikayapanga mayai saba tumboni, nikajifunga, juu nikavaa koti. Wiki nzima! Nikilala, nalala chali. Nikipalilia, napalilia nimenyooka kama mwenye jipu. Asubuhi na jioni nayageuza taratibu kama kuku afanyavyo, na kuna wakati nilijikuta nayasemesha. Watu njiani wananiambia, "Mwangaluka, Baba Minza, mbona umenawiri, mama akiondoka ndiyo unakula nyama?" Naitikia tu, nacheka kwa mbali, tumbo lisitikisike.

Ikafika Jumapili. Kanisani kwetu mtu asiye na fedha huleta alichonacho, michembe ya viazi vikavu, choroko, kuku, mayai, na ibada ikiisha vinawekwa mezani nje na kunadiwa. Na mnadi ni nani? Ni mimi, mzee wa kanisa, kwa sababu ya huu mdomo. Asubuhi ile mayai yalikuwa yameanza kugonga kwa ndani, nikasema siwezi kuyaacha, nikaenda nayo. Ibada ilipita salama. Nikatoka na beseni la mayai ya sadaka mikononi, nikaliweka mezani, nikapaza sauti, "Haya wapendwa, nani anaanza na mayai haya?"

Tumboni kukajibu: "Pii! Pii!"

Nikakohoa. Nikapaza sauti zaidi, na wao huko tumboni wakapaza (nadhani walidhani nawaita). Mama mmoja wa kwaya aliyekuwa mbele akaniangalia tumboni, akaangalia beseni, akasema kwa sauti ambayo huwa anaimbia, "Wazee! Baba Minza ana mayai ya sadaka ndani ya koti!"

Mayu wane, mama yangu! Miaka yote ile ya kushika vitu vya Mungu, leo naitwa mwizi wa mayai! Nikafungua koti, nikafungua kanga, nikayaweka yote saba mezani mbele ya watu. "Tazameni! Haya ni makubwa, ya bata, na mayai ya sadaka hayalii! Ni ya mke wangu!" Wakasogea, wakaona kweli, mawili yameshapasuka na midomo inachungulia. Basi kicheko kilichopigwa pale, watu walishikana mabega, na mimi nikacheka kidogo nikijua nimepona. Nikaanza kuyakusanya.

"Ngoja," akasema Jilala, naye anajifuta machozi. "Mchungaji, si ulitufundisha kwamba kilichowekwa juu ya meza ya sadaka hakirudi nyumbani bila kukombolewa?"

Mchungaji akajaribu kukaza uso, akashindwa. "Ni kweli," akasema. "Baba Minza, nadi."

"Nayataka mimi," Jilala akasema. "Nina mashine, haitawacheka." Akataja bei ya mbuzi, na aliitaja bila utani. Mimi mfukoni sina kitu, midomo miwili inalia mezani, na kichwani nasikia, usiniangushe. Nikasema mara ya kwanza kwa sauti ya mgonjwa. Nikasema mara ya pili, nikaangalia mawingu.

"Baba Minza, hiyo kanga si yangu?"

Nikageuka. Mama Minza amesimama nyuma ya mabenchi, begi kichwani, vumbi la Mwanhuzi mpaka kwenye nyusi. Amerudi siku mbili kabla ya siku niliyomtarajia, ameshuka kwenye gari akaja moja kwa moja kanisani. Akasogea mezani, akaona mayai, akaona koti, akaniona mimi. Mimi mwenye mdomo nikajifanya napanga mayai.

"Bei imefika wapi?" akauliza. Akaambiwa. "Mimi natoa Diwani."

Diwani ni jogoo wangu. Mwekundu, mkia mweusi, anatembea kama aliyeshinda uchaguzi, nimekataa kumuuza hata kwa watu wa mjini. "Mama Minza..." nikaanza. "Nadi," akasema. Jilala akainua mikono juu, akasema hapo kwa Diwani hawezi kushindana. Basi nikanadi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikagonga meza mwenyewe, na jogoo wangu akaenda.

Tulipokuwa tunayafunga tena kwenye kanga akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeyabeba siku ngapi?"

"Saba."

"Na usiku?"

"Nalala chali."

Akanitazama hivi, akaanza kucheka, halafu machozi yakamtoka, akajifuta kwa pindo la ile ile kanga. "Mama angekupenda leo," akasema. Na niwaambieni ukweli, hapo nilisahau Diwani kwa muda.

Walitoka sita, moja likaharibika. Wamekua sasa, na hawamfuati Mama Minza anayewalisha, wananifuata mimi, kisimani, shambani, mpaka mlango wa choo, na watu wananiita Mama Bata. Jilala amenipachika jina la Mashine. Diwani anaishi kwa mchungaji, ng'ambo ya pili ya njia, na kila alfajiri anawika kwa makusudi.

Juzi kuku mwekundu ameanza kulalia tena. Mama Minza akanikabidhi mayai ya bata, akasema yatangulie haya, ya kuku baada ya wiki, umesikia? Sikungoja aniambie nirudie. Nilirudia mara tatu, nimesimama wima, kofia mkononi, na bata sita nyuma yangu.